Kasimamishwa, kafungiwa au kapumzishwa? Refa Janny Sikazwe na mambo matatu tunayoyachanganya

Kwenye vibanda umiza vya Ngarenaro na Unga Limited hapa Arusha, sawa na vile vya Pasua na Majengo kule Moshi, kesi ya refa huwa haimalizi dakika mbili. Filimbi imepulizwa, mkeka wa mtu umechanika, hukumu imetoka: "Huyo kala." Wiki inayofuata ikisikika redioni kwamba refa "amefungiwa", hata waliokuwa wanabisha wananyamaza. Halafu miezi miwili mitatu baadaye refa yuleyule anaonekana kwenye televisheni akirusha sarafu katikati ya uwanja. Hapo mjadala unakuwa mzito. Kama alikula, karudije? Na kama hakula, alifungiwa kwa kosa gani?

Swali ni zuri, ila limejengwa juu ya neno moja tunalolibebesha mizigo mitatu. Anayefaa kutuonyesha tofauti yake ni Janny Sikazwe wa Zambia, kwa sababu yeye amepita kote. Alishawahi kusita na kadi mfukoni huku dunia inamtazama, alishawahi kusimamishwa kwa tuhuma za rushwa, na alishawahi kumaliza mechi ya AFCON kabla ya dakika 90. Na ndani ya miaka hiyohiyo alichezesha Kombe la Dunia mara mbili.

Tuanze na maneno yenyewe. Chukua dereva wa Hiace ya Moshi–Arusha. Abiria wanalalamika kwamba anakimbiza gari, tajiri anamwambia akae nyumbani wiki moja, deiwaka anashika usukani. Huko ni kupumzishwa. Dereva huyo huyo akipata ajali pale Kikatiti, polisi wakashika leseni yake huku wakichunguza breki na mwendo, huko ni kusimamishwa: hajapatikana na hatia, na uchunguzi ukikosa kitu leseni inarudi mkononi. Mahakama ikimsikiliza, ikamkuta na hatia na kumzuia kuendesha kwa muda fulani, huko ndiko kufungiwa. Kwa aliyekaa stendi yote matatu yanafanana, kwa kuwa dereva haonekani. Lakini ni mambo ya watu watatu tofauti: tajiri, polisi na hakimu.

Kwa waamuzi ni vivyo hivyo. Hapa kwetu tangazo la kawaida la Bodi ya Ligi husema mwamuzi ameondolewa kwenye orodha ya waamuzi kwa mizunguko kadhaa kwa "kushindwa kutafsiri sheria za mpira wa miguu". Msomaji akiona hivyo anasoma "rushwa". Sivyo. Maana yake ni kwamba kiwango chake siku ile kilikuwa chini, basi. Tuhuma za kupanga matokeo zina njia nyingine, kamati za nidhamu na maadili, zenye mashahidi, utetezi na rufaa. Kwa mechi za kimataifa rufaa inaweza kufika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Lausanne, Uswisi.

Kuna mchanganyo wa pili, nao ndio unaoumiza zaidi mashabiki: kwa nini refa akikosea matokeo hayabadilishwi? Jibu linategemea amekosea nini, maana makosa ya refa nayo si ya aina moja.

Aina ya kwanza ni kukosea kuona. Sheria namba 5 inasema uamuzi wa refa juu ya jambo lililotokea mchezoni ni wa mwisho, ikiwemo kama goli limeingia au halijaingia. Hakuna kamati ya kukaa Jumatatu na kuongeza goli. Watanzania wanalijua hili kwa uchungu tangu tarehe 5 Aprili 2024, Loftus Versfeld, Pretoria, Mamelodi Sundowns na Yanga kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mchomo wa Stephane Aziz Ki uligonga mtambapanya, ukadunda karibu na mstari, ukatoka. Refa Dahane Beida wa Mauritania, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa amechezesha fainali ya AFCON, hakuweka goli. Mechi zote mbili ziliisha 0-0 na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Lawama kubwa mitaani ilikuwa moja: mbona hakwenda hata kuangalia kwenye skrini?

Hapo pana mambo mawili ya kutenganisha. Skrini ya pembeni ya uwanja ipo hasa kwa maamuzi yanayohitaji kupima: je, rafu ni nzito kiasi cha nyekundu, je, mkono ulikuwa umeachia mwili. Jambo la ndiyo au hapana, kama mpira kuvuka mstari au mchezaji kuwa ameotea, waliomo chumba cha VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, hulitazama wenyewe na kumpa refa jibu sikioni. Kwa hiyo kutokwenda kwenye skrini si ushahidi kwamba picha haikutazamwa. Kila tukio la goli hukaguliwa kimyakimya. Wakiona hakuna cha kubadilisha, mchezo unaendelea na sisi tulioko kwenye benchi la kibanda hatujui kama kuna aliyeangalia.

Jambo la pili la kutenganisha ni mpira wenyewe, na hili ni vizuri ulijaribu nyumbani. Mpira wa kawaida una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, yaani upana wake ni kama sentimita 22. Chora mstari wa chaki sakafuni. Weka mpira ndani ya "goli", mahali unapogusa sakafu pawe sentimita 10 nyuma ya ukingo wa ndani wa mstari. Ukiutazama kwa haraka utaapa ni goli, kwa sababu kati ya mahali unapogusa na chaki unaiona sakafu tupu. Sasa simamisha kitabu wima juu ya ukingo ule. Kitabu kitagusa tumbo la mpira. Nusu ya upana ni sentimita 11, kwa hiyo sentimita moja ya mpira bado inaning'inia juu ya mstari, na sheria inataka mpira wote uwe umevuka. Si goli.

Ongeza pembe ya kamera. Abiria wa kiti cha mbele kwenye Hiace akichungulia mshale wa spidi ataona namba tofauti na anayoiona dereva, kwa sababu hayuko mbele yake sawasawa. Kamera isiyokaa sambamba kabisa na mstari wa goli hudanganya namna hiyohiyo, na picha iliyogandishwa ikisambazwa kwa simu inadanganya zaidi. Dawa yake ni teknolojia ya mstari wa goli, kamera maalumu zinazozunguka kila goli na kutuma ishara kwenye saa ya refa ndani ya sekunde moja. Mechi ile haikuwa nayo. Ndiyo maana wapo watakaozeeka wakibishana juu ya mpira ule, na hakuna atakayewanyoosha.

Aina ya pili ya kosa ni kukosea sheria, na hili ni jambo lingine kabisa. Refa ameona vizuri, kila mtu amekubaliana na alichoona, ila ametoa adhabu ambayo sheria haina. Mfano wa vitabuni ni Uzbekistan na Bahrain, Septemba 2005, mechi ya kuwania Kombe la Dunia. Uzbekistan wakiongoza 1-0 walipata penalti, wakafunga. Refa Toshimitsu Yoshida wa Japani aliona mchezaji wa Uzbekistan ameingia kwenye eneo la hatari kabla ya mpira kupigwa. Sawa, aliona. Lakini badala ya kuamuru penalti irudiwe, akawapa Bahrain faulo. FIFA ilifuta mechi na kuagiza ichezwe upya. Uzbekistan, walioshinda uwanjani na kisha kulalamika wenyewe ili wapewe zaidi, walitoka 1-1 kwenye marudio, wakatoka 0-0 ugenini, na goli la ugenini likawatoa mashindanoni. Malalamiko mengine ni bora ubaki nayo kifuani.

Aina ya tatu si kosa, ni biashara. Novemba 2016 huko Polokwane, Afrika Kusini iliifunga Senegal 2-1. Refa Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penalti kwa madai kwamba Kalidou Koulibaly ameushika mpira, ilhali picha ilionyesha umemgonga gotini. Kama ingekuwa kukosea kuona tu, matokeo yangebaki. Lakini uchunguzi ulikuta mwenendo wa kamari kwenye mechi ile usio wa kawaida, na Machi 2017 FIFA ikamfungia maisha kwa kuchezea matokeo. CAS ikaukubali uamuzi huo. Baada ya hapo ndipo mechi ikafutwa, ikarudiwa Novemba 2017, Senegal wakashinda 2-0 na kukata tiketi ya Urusi. Angalia mpangilio: kwanza hatia ya refa ilithibitishwa, ndipo matokeo yakaguswa.

Sasa turudi kwa Sikazwe, tupite naye kituo kwa kituo.

Yokohama, Desemba 2016, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Real Madrid na Kashima Antlers. Mechi ikielekea mwisho ikiwa 2-2, Sergio Ramos, ambaye tayari alikuwa na njano, anacheza rafu. Sikazwe anapeleka mkono mfukoni, kisha anaurudisha mtupu. Dunia nzima iliona. Madrid wakabaki 11, wakashinda 4-2 kwenye muda wa nyongeza. Wengi waliuliza VAR ilikuwa wapi, kwa sababu mashindano yale ndiyo yalikuwa ya kwanza ya FIFA kuijaribu. Ilikuwepo. Ila ilihusu mambo manne tu: goli, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na kumwadhibu mtu asiye mhusika. Njano ya pili haikuwemo. Hivyo lile lilikuwa lake peke yake, na tatizo kubwa halikuwa hata kama rafu ilistahili kadi. Refa akishapeleka mkono mfukoni ameshatangaza uamuzi. Akiurudisha, amewaambia watu kwamba kuna aliyemgeuza. Waamuzi vijana hufundishwa kutogusa mfuko mpaka uamuzi umekamilika kichwani, na tukio kama hili linaeleza sababu kuliko somo lolote.

Hakuna aliyemfungia kwa hilo. Februari 2017, wiki chache tu baadaye, alikabidhiwa fainali ya AFCON mjini Libreville, Cameroon ikiifunga Misri 2-1, na 2018 akachezesha mechi mbili za makundi Urusi, Ubelgiji na Panama, kisha Japani na Poland.

Kituo cha pili ni Radès, Tunisia, Oktoba 2018. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Espérance na Primeiro de Agosto ya Angola. Waangola walikuja na ushindi wa 1-0 wa nyumbani, wakafungwa 4-2, na katikati ya patashika hiyo refa akalikataa goli lao ambalo lingeweza kuwavusha. CAF, shirikisho la soka Afrika, ilimsimamisha kwa muda kwa tuhuma za rushwa. Mitaani hilo lilisomeka kama hukumu. Lakini mwanzoni mwa 2019 kusimamishwa kuliondolewa kwa sababu ushahidi haukutosha. Hiace na leseni: leseni ilishikwa, ikachunguzwa, ikarudishwa. Yeyote anayemtaja Sikazwe kama refa "aliyefungiwa kwa rushwa" anasema jambo ambalo halijawahi kutokea. Na matokeo ya Radès yalibaki, kwa mantiki ileile tuliyoiona Polokwane ikienda upande wa pili: pasipo hatia ya refa, goli lililokataliwa linabaki kuwa suala la kuona.

Kituo cha tatu ndicho kila mtu anakikumbuka. Limbe, Cameroon, tarehe 12 Januari 2022, Tunisia na Mali. Mali wanaongoza kwa penalti ya Ibrahima Koné. Dakika ya 85 Sikazwe anapuliza filimbi ya mwisho. Anakumbushwa, mchezo unaendelea. Dakika ya 87 anamtoa El Bilal Touré wa Mali kwa nyekundu, anakwenda kwenye skrini, anashikilia uamuzi wake. Kisha, kabla saa haijafika 90, anapuliza tena na kumaliza. Kocha wa Tunisia, Mondher Kebaier, anaingia uwanjani akionyesha saa yake ya mkononi.

Vibanda umiza vilishatoa hukumu kabla ya kocha kufika katikati. Maelezo ya kitabibu yalikuja baadaye: refa alipigwa na joto, akapelekwa hospitali. Wengi waliona ni kisingizio. Kwa mkazi wa Arusha hilo linaeleweka, kwa sababu mji ulio mita kama 1,400 juu ya bahari hauijui vizuri hali ya Limbe, mji wa pwani wenye unyevu mzito. Jasho lenyewe halipozi mwili. Kinachopoza ni jasho kukauka. Fikiria nguo uliyoianika. Januari hapa Sakina inakauka kabla hujamaliza kupika. Ianike Tanga siku ya mawingu na unyevu, jioni bado mbichi. Mwili wa mtu anayekimbia kwenye unyevu ni ile nguo ya Tanga: maji yanatiririka, joto halitoki. Joto la ndani likipita nyuzi 40 ubongo huanza kuyumba. Mtu anachanganyikiwa, hasikii vizuri anachoambiwa, hajui muda. Dalili ya hatari kwa mkimbiaji, refa au mbeba mizigo ni ileile: akianza kujibu visivyo, mtoe juani, mvue, mmwagie maji, mpepee, na tafuta hospitali. Usisubiri aanguke.

Mtu anaweza kuuliza, refa si ana saa? Anazo mbili, mara nyingi. Moja huiacha itembee bila kusimama, nyingine huisimamisha mchezo ukikatika, ili aweze kujumlisha muda uliopotea. Ila saa mbili zinahitaji kichwa kinachosoma saa. Wasaidizi na mwamuzi wa nne wana redio za kumkumbusha, lakini kwenye sheria filimbi ya mwisho ni ya mtu mmoja tu. Ndilo pengo lililoonekana siku ile: mfumo mzima umejengwa juu ya dhana kwamba mwenye filimbi ana akili zake timamu, na kumwondoa mtu ambaye hajakubali kwamba anaumwa ni kazi ngumu hata kwa wenzake wanaomwona wazi.

Baadaye timu ziliitwa kurudi kumalizia, safari hii filimbi ikiwa kwa mwamuzi wa nne. Deiwaka, kwa lugha ya stendi. Mali walitoka. Tunisia hawakutoka. CAF ikayathibitisha matokeo, 1-0. Hapa ndipo Tunisia walipojikwaa, na klabu zetu zingejifunza: malalamiko yao juu ya dakika yalikuwa na uzito, kwa sababu mechi ina dakika 90 na hilo halihitaji kamera. Walipoitwa wakakataa, hoja ikawa nyepesi. Ukipewa nafasi ya kucheza, cheza, lalamiko liandike baadaye.

Novemba mwaka huohuo Sikazwe alikuwa Qatar akichezesha Ubelgiji na Canada. Wengi walishangaa. Lakini ukipanga vituo vyake vizuri hakuna cha kushangaza: Yokohama ilikuwa kusita, Radès tuhuma zisizothibitika, Limbe ugonjwa. Hakuna hata kimoja kilicholeta hukumu. Hata hivyo hakuondoka Qatar bila mzozo. Canada walipata penalti moja baada ya VAR, Thibaut Courtois akaipangua ya Alphonso Davies. Baadaye Tajon Buchanan aliangushwa ndani ya boksi, lakini kibendera kilikuwa juu, ameotea. Picha zilionyesha mpira ulimfikia kutoka kwa Eden Hazard, Mbelgiji. Mtu haotei kwa pasi ya mpinzani. Kosa lilianzia pembeni, kwa msaidizi, na lawama ikamwangukia wa kati, kama kawaida.

Watu hudhani refa wa daraja hili hupandishwa kwa kujuana tu. Kujuana kupo kila mahali, tusidanganyane, ila kuna mlango ambao haufunguliwi na mjomba. Kijana wa Arusha au Kilimanjaro huanza na kozi ya sheria kupitia chama cha waamuzi, FRAT, anachezesha ndondo na ligi za wilaya, anapanda madaraja, jukwaani kuna mtathmini anayemwandikia alama. Beji ya FIFA inaanzia miaka 25 kwa refa wa kati na 23 kwa msaidizi, nayo ni ya mwaka mmoja mmoja. Januari huanzi na ya mwaka jana. Halafu kuna mbio. Kwa refa wa kiume wa kimataifa ni mita 40 mara sita, kila moja isizidi sekunde 6, kisha mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40 mfululizo. Jumla ni kilomita nne, mizunguko kumi ya uwanja wa mita 400. Nenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid asubuhi ujaribu kumi za kwanza kati ya hizo 40, uone pumzi inavyokuwa ya kuomba. Ukikosa muda, jina halipiti, hata kama unazijua sheria zote 17 kwa kichwa.

AFCON ya 2027 itafika Arusha, kwenye uwanja wa Olmoti wa watu 30,000, na mabishano haya yatahama kutoka kwenye televisheni yaje jukwaani. Tangazo la refa likitoka, angalia kwanza limetolewa na nani. Kamati ya waamuzi ikimwacha nje ya ratiba, huko ni kupumzishwa. Ukikuta maneno "kwa muda" au "kupisha uchunguzi", amesimamishwa. Ukikuta hukumu ya kamati ya nidhamu au maadili, yenye idadi ya mechi au miaka na nafasi ya rufaa, hapo ndipo kafungiwa. Na ukiwa uwanjani, mchana wa jua kali, refa wa kati akianza kuangalia saa mara mbilimbili bila kufanya chochote, geuza macho kwenye meza iliyo kati ya mabenchi mawili. Mwamuzi wa nne akivua jaketi na kuanza kunyoosha miguu, wao wameshaona jambo ambalo jukwaa bado halijaona.